Rhonda Hauge, anayebaki Tolvik wengine wakienda kazini

Saa mbili na robo asubuhi, basi la shule linakata kona ya mwisho na kushika barabara kuu. Ndilo gari la mwisho kuondoka. Baada ya hapo Tolvik inanyamaza, hata unasikia nyaya za umeme zikivuma.

Rhonda Hauge, mwenye miaka 59, amesimama chini ya taa ya mlango wa nyumba ya pampu, chupa ndogo ya kioo mkononi. Anaitikisa, anaangalia rangi ya maji, anaandika namba kwenye daftari lililoloa pembeni. Nje ni nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, na bado ni Novemba tu.

Kidude cha manjano kilichobanwa kifuani mwa koti lake kinalia mara mbili.

"Rhonda, uko salama?" inauliza sauti ya mwanamke.

"Niko salama," anajibu bila kuinua macho.

Sauti hiyo ni ya mashine. Itamuuliza tena baada ya saa moja, na baada ya saa nyingine, mpaka jioni taa za magari zitakapoanza kuonekana zikirudi kutoka jiji la Saskatoon, hapa Kanada.

"Kwa siku nzima, huyo ndiye ninayeongea naye zaidi," anasema huku akifunga daftari. "Tatizo lake hana umbea."

Bango la barabarani linasema Tolvik ina wakazi 587. Ukimuuliza Rhonda wangapi wapo muda huu, hakisii. "Arobaini na mmoja. Niliwahesabu mwenyewe, nyumba kwa nyumba."

Hao ni wazee, wagonjwa, akina mama wenye watoto wachanga, na wachache wanaofanya kazi usiku na kulala mchana. Wengine wote wako Saskatoon, kilomita 52 kutoka hapa. Huko mjini ndiko wanakofanya kazi, wanakonunua chakula, wanakong'olewa meno na kupeleka watoto kwenye mazoezi. Hapa wanakuja kulala.

Kazi za mji zinazohitaji mikono zote ni za Rhonda. Anasukuma theluji kwa greda, anatibu maji, anamwagilia uwanja wa michezo ya barafu mpaka ugande sawasawa, na mtu akifariki ndiye anayechimba kaburi.

"Kama kitu kimeganda, kimeziba au kimekufa, wananipigia mimi," anasema.

Alizaliwa shambani, kilomita tisa kaskazini mwa mji. Anakumbuka akipanda lori na baba yake kupeleka ngano kwenye yale maghala marefu ya kando ya reli, na kushushwa dukani anunue peremende wakati baba anasubiri foleni. Maghala yalibomolewa. Duka likafuata, kisha shule. Treni bado inapita mara nne kwa siku, lakini haipunguzi hata mwendo.

Halafu watu wa Saskatoon wakagundua kwamba viwanja vya Tolvik ni rahisi. Upande wa mashariki zikaota nyumba mpya zenye gereji kubwa kuliko nyumba aliyozaliwa Rhonda. Katika miaka kumi na tano idadi ya wakazi ikakaribia kuongezeka mara mbili.

"Watu wanadhani mji unakufa watu wakipungua," anasema. "Wa kwetu umejaa, na hamna mtu."

Amefanya kazi hii miaka 22. Mumewe alikwenda Alberta kutafuta kazi ya mafuta na hakurudi, na binti yao anaishi Calgary. Wakazi wengi anawajua kwa magari yao. Wakipishana naye asubuhi, huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, naye huinua chake. Kuna watu wameishi naye hapa miaka minane na salamu yao haijawahi kuzidi kidole hicho.

Hakuwahi kulalamika juu ya hilo, mpaka Januari mwaka huu.

Ilikuwa Jumanne, nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri. Saa nne na dakika kumi asubuhi Rhonda aliegesha gari lake mbele ya nyumba ya pampu, akaacha injini ikiwaka kama kila mtu afanyavyo kwenye baridi ya namna hiyo, akaacha na simu yake kwenye kiti ikipata chaji. Alikuwa anaenda kufungua koki moja. Kazi ya dakika tano.

Koki hizo ziko chini ya ardhi. Unashuka ngazi ya chuma yenye vidaraja kumi na kimoja. Bomba lilikuwa linavuja kidogo, na mvuke wake ulikuwa umegeuka barafu kwenye kidaraja cha tatu.

"Sikumbuki kuanguka," anasema. "Nakumbuka nimelala chali, natazama balbu, najiuliza kwa nini buti langu limeangalia upande ule."

Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika mara mbili chini ya goti, na kifundo cha mkono pia. Sakafuni kulikuwa na maji ya kina cha vidole viwili. Alijaribu kupanda ngazi kwa mkono mmoja na mguu mmoja. Alifika kidaraja cha pili, akazirai, akaanguka tena.

Alipozinduka alianza kupiga kelele. Nyumba ya pampu iko katikati ya mji, hatua mia mbili tu kutoka barabara kuu. Alipiga kelele, anakadiria, kwa muda wa saa nzima.

"Baadaye nikanyamaza. Nilianza kuzipitia nyumba kichwani, moja moja, kuanzia kanisani. Huyu yuko kazini. Huyu yuko kazini. Hawa wawili wako kazini na mbwa wamemfungia ndani. Nilipofika mwisho wa mtaa nikaelewa kwamba ninaweza kufa saa sita mchana katikati ya mji."

Mtu mmoja alikuwa amemwona akiingia.

Orest Babiuk, fundi seremala mstaafu mwenye miaka 83, aliishi peke yake kwenye nyumba ya bluu inayotazamana na nyumba ya pampu. Mkewe, Olga, alifariki miaka sita iliyopita. Kila siku Orest alikaa kwenye meza ya jikoni, dirishani, na hakuna gari lililopita Tolvik bila yeye kulijua.

Lakini yeye na Rhonda walikuwa hawasalimiani. Miaka mitatu nyuma, mti wa maua, lilaki, aliouotesha Olga pembeni ya uzio ulivunjika mwezi wa Februari. Orest aliliandikia baraza la mji barua ya kurasa mbili akisema umevunjwa na greda. Rhonda akalijibu baraza kwamba ni baridi, shina lilipasuka lenyewe. Baraza likamwamini mfanyakazi wake. Tangu siku hiyo Orest alipomwona Rhonda aligeuza uso, na akimkuta posta alisubiri nje mpaka atoke.

Siku hiyo ya Januari, saa saba kasoro dakika kumi, Orest alivaa koti, akachukua fimbo yake na kuvuka barabara. Alikuwa hajatoka nje siku tatu kwa sababu ya baridi. Hatua mia moja na kitu zilimchukua dakika kumi na tano.

Aliusukuma mlango, akaita.

"Kuna mtu?"

"Niko huku chini! Nimevunjika mguu!"

Fimbo ikasogea mpaka juu ya ngazi.

"Mimi ni Babiuk," akasema yule mzee.

"Najua ni wewe, Orest! Nani mwingine yupo?"

Hakuweza kushuka. Nyonga zake zote mbili ni za bandia. Rhonda alimwambia akachukue simu garini, naye akarudi nayo akiishika kwa mbali kama kitu kinachoweza kuuma.

"Inataka namba."

"Moja, tisa, sita, sita!"

"Huo si mwaka wako wa kuzaliwa? Mwizi yeyote angeipata."

"Mwizi gani, Orest? Mwizi gani? Atoke wapi?"

Orest akapiga namba ya dharura. Gari la wagonjwa lilikuwa linatoka Saskatoon. Waliambiwa wasubiri kama dakika hamsini, barabara ilikuwa na upepo wa theluji. Tolvik pia ina kikosi chake cha wazimamoto wa kujitolea, watu kumi na mmoja waliofundishwa huduma ya kwanza. Simu za wote kumi na mmoja zililia dakika hiyo hiyo, na wote walikuwa kilomita 52 mbali.

Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Simu ilipolia nilikuwa kwenye foleni ya chakula cha mchana, trei mkononi. Nilisoma ujumbe, nikaona jina la mji wangu, nikakimbilia gari. Nilifika dakika nne baada ya gari la wagonjwa.

Orest hakuweza kukaa tu. Alirudi kwenye gari la Rhonda, akafungua mlango, akaegemea honi kwa kiganja chote.

"Nilihesabu," anasema. "Nilipiga mpaka mia tatu, nikapumzika, nikapiga tena mia tatu. Mji mzima unasikia honi ile. Mbwa walibweka kila upande. Nikawa natazama milango. Hata pazia halikusogea."

Aliporudi ndani alivua koti lake zito na kulitupa chini. Lilimwangukia Rhonda kifuani. Kisha akakaa juu ya ngazi, kwenye mlango ambao haufungiki vizuri, amevaa sweta.

"Vaa koti lako, mzee!" Rhonda akamkaripia. "Ukifa huko juu kaburi lako nitalichimba na nini, mguu mmoja?"

"Fanya kujifunika. Na usilale."

"Silali. Napumzisha macho."

"Olga naye alikuwa anasema hivyo hivyo kanisani, na huku anakoroma. Hebu fumbua."

Rhonda anasema alikuwa ameacha kutetemeka, na alijua hiyo ni dalili mbaya. Alianza kuona raha. Alitaka kulala kweli. Ndipo akaona kwamba kama hatasema sasa, basi tena.

"Orest. Ule mti. Haikuwa baridi."

"Najua."

"Ni greda. Nilikata kona vibaya, nilikuwa nawahi kumaliza."

"Najua. Nilikuwa dirishani nakunywa chai. Nilikuona ukishuka. Ukaushika shina, ukatazama huku, ukatazama huku, kama mwizi wa kuku. Ukapanda tena ukaondoka."

"Sasa kwa nini hukunijia?"

"Nilikuwa nasubiri uje wewe."

Hapo, Rhonda anasema, alilivuta lile koti mpaka kidevuni. Alisikia maji yakidondoka. Kisha sauti ya Orest ikaja tena, safari hii ya chini.

"Na mimi nina langu. Nilikuona unaingia saa nne. Saa sita nikaona gari lako bado linanguruma. Nikajua kuna jambo. Nikapasha supu yangu ya bitiruti, nikakaa, nikanywa. Nikasema, acha naye asubiri kidogo."

Nilimuuliza Rhonda alijisikiaje aliposikia maneno hayo akiwa amelala kwenye maji na mguu umevunjika.

"Nilicheka. Mbavu ziliuma mpaka nikatoa machozi. Nikamuuliza, supu ilikuwa tamu? Akasema imepungua chumvi."

Anafuta mikono kwenye suruali.

"Sikupata usingizi tena baada ya hapo. Kicheko kile ndicho kilichoniweka macho."

Gari la wagonjwa lilifika saa nane kamili. Rhonda alikaa hospitali wiki tatu, na mguu ukabaki kwenye plasta ngumu mpaka Aprili. Orest alilazwa pia, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeungua kwa baridi, na madaktari wakalazimika kukata ncha zake.

Lesia, binti yake, alipanda ndege kutoka Vancouver. Alimkuta baba yake jikoni akijaribu kumenya kiazi kwa mkono uliofungwa bandeji. Mwezi wa Aprili alimhamishia kwenye makao ya wazee, Saskatoon.

Rhonda alikwenda kumuaga kwa magongo. Anasema Orest alikuwa amekaa garini tayari, amefunga mkanda, kofia magotini.

"Nilimwambia, Orest, ni kwa sababu yangu. Akasema, si kwa sababu yako, ni kwa sababu ya viazi. Halafu akamwambia Lesia aendeshe."

Nyumba ya bluu iliuzwa Agosti kwa vijana wawili kutoka mjini, mke na mume. Ni watu wapole, Rhonda anasema. Wanaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wanarudi saa kumi na mbili jioni. Wameweka pazia zito kwenye dirisha la jikoni.

Nilimtembelea Orest kwenye chumba chake, ghorofa ya nne. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na alinikaribisha kiti pekee kilichokuwapo, yeye akakaa kitandani. Chumba ni kisafi na kina joto. Dirisha lake linatazama maegesho ya magari.

"Nakaa hapa naangalia," alisema. "Yanaingia, yanatoka. Sijui hata moja ni la nani."

Rhonda humtembelea kila Jumapili. Hucheza karata na kubishana juu ya nani anachakachua. Orest humuuliza habari za mji kwa mpangilio, nyumba kwa nyumba, na Rhonda humjibu alicho nacho, ambacho mara nyingi ni kidogo. Amewahi kumwambia atamchukua siku moja aje atembee Tolvik, amrudishe jioni. Orest alikataa.

"Nikija sitakubali kuondoka," aliniambia. "Sasa kwa nini nimsumbue msichana wa watu?"

Rhonda alirudi kazini Juni, mguu ukiwa na vyuma ndani. Katika kikao cha baraza cha mwezi huo alisimama, kwa mara ya kwanza katika miaka 22, akaomba mfanyakazi wa pili.

"Sikuomba mtu wa kunibebea vitu," anasema. "Niliomba mtu wa kusema, Rhonda yuko wapi?"

Meya wa mji, Dwight Penner, ambaye naye hufanya kazi Saskatoon, anakiri kwamba lile lilikuwa jambo gumu. "Hakuna mtu pale kikaoni aliyeweza kumtazama usoni," anasema. "Lakini kodi ya nyumba mia mbili na thelathini haitoi mishahara miwili. Tungepunguza nini? Maji?"

Walikubaliana kutangaza kazi ya nusu siku, kwa dola 24 kwa saa. Tangazo lilikaa miezi mitatu. Aliyeuliza ni mtu mmoja tu, kutoka mjini. Alitaka kujua kama kazi yenyewe inaweza kufanyika akiwa nyumbani kwake.

Ndipo baraza likamnunulia kile kidude cha manjano. Asipokijibu, au akilala chini bila kusogea, kinatuma taarifa kwenye ofisi iliyoko mkoa mwingine, na ofisi hiyo inapiga simu Saskatoon.

"Ni kizuri, sikatai," Rhonda anasema. "Ng'ombe wa baba yangu pia walikuwa na kengele."

Mwezi wa Oktoba, theluji ya kwanza ilipoanguka, alifanya jambo ambalo anasema hakulifikiria sana, kwa maana angelifikiria asingelifanya. Alipita mitaa yote wakati wa mchana akigonga milango, akaandika kwenye daftari ni wapi kuna mtu. Hapo ndipo ilipotoka ile arobaini na mmoja. Kisha akakaa mezani kwake jioni mbili na kuandika barua fupi arobaini na moja kwa mkono: kila Jumatano saa nne asubuhi, kwenye chumba cha kusubiria cha uwanja wa barafu, kutakuwa na kahawa na mikate ya mdalasini, karibuni.

Jumatano ya kwanza aliwasha joto la chumba saa moja kabla. Alipanga viti kumi na viwili, akaona vingi, akapunguza hadi vinane. Alikaa mpaka saa sita.

Hakuja mtu.

"Nilikula mkate mmoja nimesimama," anasema. "Iliyobaki nikampelekea Orest Jumapili. Aliniuliza wangapi walikuja. Nikamwambia watatu. Akanitazama akasema, unadanganya vibaya kama siku ile ya mti."

Jumatano ya pili, saa nne na nusu, mlango ulifunguliwa. Aliingia mwanamke kijana mwenye mtoto wa kike aliyefungwa kwenye blanketi mpaka puani. Rhonda hakujua jina lake. Alilijua gari lake tu, dogo, la kijivu, taa moja ya nyuma imekufa.

Jina lake ni Maricel Dumlao, miaka 31, mzaliwa wa Ufilipino. Hufanya kazi ya kuhudumia wagonjwa usiku huko Saskatoon, na mumewe yuko mgodini mchana. Wameishi Tolvik miaka miwili. Mbali na nyumba yake mwenyewe, hilo lilikuwa jengo la kwanza la mji huu kuingia.

Hakukaa. Alisimama karibu na mlango, koti hajavua.

"Mama, nina jambo," alisema. "Mimi niliisikia ile honi."

Januari mtoto wake alikuwa na miezi mitatu na Maricel alikuwa nyumbani, nyumba ya sita kutoka kwenye pampu. Mtoto alikuwa amelia tangu usiku wa manane na ndiyo kwanza alikuwa amelala.

"Nikasema, huyu mtu hana adabu. Nikafunga mlango wa chumba. Haikutosha, nikawasha feni ili isisikike. Jioni mume wangu ndiye akanisomea kilichotokea. Miezi kumi, mama. Nikikuona na greda najificha dirishani."

Maricel aliniruhusu kuyaandika haya. Alisema ni afadhali yaandikwe kuliko abaki nayo.

Rhonda anasema aliweka chini sahani ya mikate. "Nilimwambia ukweli. Nilimwambia honi ile ilikuwa mbaya sana, hata mimi kule chini nilitamani Orest anyamaze. Nikamvutia kiti."

Alimmiminia kahawa, akaenda jikoni kuleta maziwa. Aliporudi Maricel alikuwa amelala, shavu kwenye mkono, mkono juu ya meza. Alikuwa ametoka zamu asubuhi ile na hajapata usingizi tangu siku iliyotangulia. Mtoto alikuwa macho, anamtazama Rhonda.

Rhonda alimchukua. Alimtoa blanketi, akamkalisha gotini, ule mguu mzima. Mtoto alimshika sikio na hakuliachia. Walikaa hivyo saa moja na dakika arobaini.

"Sikuwa nimeshika mtoto tangu wangu awe mkubwa," anasema. "Nilikuwa nimesahau kwamba ni wazito."

Maricel aliamka kwa kushtuka, akaona saa, akaona aibu. "Nisamehe, mama. Hata kahawa sijanywa."

"Kahawa haiendi popote," Rhonda akamwambia. "Njoo Jumatano ijayo."

"Jumatano siwezi. Leo nimejikokota tu kwa sababu ya lile jambo. Jumanne usiku ndiyo zamu yangu ndefu."

"Sema siku basi."

Maricel alimpandisha mtoto kiunoni. "Alhamisi," alisema.

Nilipomtembelea Rhonda kwa mazungumzo ya mwisho, alikuwa jikoni kwake na rundo la karatasi zilizokatwa kwa mkasi, kalamu nyuma ya sikio. Barua arobaini na moja za mwanzo zote zilisema Jumatano, kwa hiyo anaandika nyingine arobaini na moja. Amepanga kuendelea kipindi chote cha baridi, hata kama atakuwa anakuja mtu mmoja na mtoto wake.

"Ile ya kwanza niliiandika kama tangazo la harusi," alisema. "Nani mwenye nguvu za kwenda kwenye sherehe saa nne asubuhi? Hii nimeiandika vingine."

Alikuwa amefika ya kumi na saba. Alinisogezea moja ambayo wino wake ulikuwa haujakauka.

*Alhamisi, saa nne, uwanja wa barafu. Kuna joto na kuna kahawa. Si lazima uongee. Ukitaka kulala, lala, nitakuwepo. Rhonda.*